Jenereta ya nyumbani: hesabu lita kwanza

Kila mtu akitaka jenereta ya nyumbani huniuliza, "Ninunue ya kVA ngapi?" Kwa maoni yangu hilo ni swali la pili. La kwanza ni hili: stima ikipotea, petroli utaitoa wapi?

Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 karibu Kenya nzima iliingia gizani. Hata uwanja wa ndege wa JKIA jenereta moja ilikataa kuwaka. Yangu hapa Taru iliwaka vizuri tu, ila tangi lilikuwa robo. Saa saba usiku, kimya. Ndani ya friji kuna insulini ya mamangu, na joto la Taru mnalijua. Nikapanda bodaboda mpaka kituo cha mafuta. Mafuta yamejaa chini ya ardhi, lakini pampu nayo haina stima! Insulini ililala kwenye mtungi wa maji, imefungwa ndani ya nailoni.

Sisi waandishi wa programu tunalijua kosa hili: nilikuwa na akiba inayotegemea kitu kile kile kilichoharibika. Na kinachoudhi ni kwamba bomba la mafuta la Mombasa hadi Nairobi, lililoanza kazi mwaka 1978, linapita ukanda wetu huu huu.

Basi nikapima. Yangu ni ya kVA 2.5. Kwa friji, laptopu, ruta na taa tatu inakunywa karibu robo tatu ya lita kwa saa. Usidhani mzigo mdogo utakuokoa sana. Jenereta ya kawaida huzunguka mara 3,000 kwa dakika hata ukiwasha taa moja. Saa nane kwa siku ni lita 6, kwa hiyo jerikeni ya lita 20 ni siku tatu na kidogo. Aprili 2022, madeni ya ruzuku yalipoleta uhaba, foleni za mafuta zilidumu zaidi ya hapo.

Mimi siku hizi naweka jerikeni mbili za chuma, nje, kivulini, mbali na jiko (na jenereta yenyewe isiingie ndani kamwe, moshi wake unaua). Petroli ikikaa miezi mingi huchacha na kuziba kabureta, kwa hiyo kila baada ya miezi miwili namuuzia jirani wa bodaboda ile ya zamani kwa bei ya chini kidogo, nami najaza mpya. Hajalalamika bado.