Bano la Mstari wa Saba

Mdogo wangu, binti wa mama mdogo, aliacha kujifunza programu usiku mmoja hapa Kamunyonge kwa sababu ya bano. Umeme ulikuwepo, bando lilikuwepo, Kiingereza cha kidato cha nne alikuwa nacho. Bano tu.

Alikuwa akimwandikia mama yake daftari la mauzo kwa Python, maana mama mdogo hununua dagaa Mwigobero na kuwauza kwa magunia. Mstari wa saba uliuliza idadi ya magunia, wa nane ukaweka bei. Kwenye wa saba alifungua mabano mawili, akafunga moja. Kompyuta ikamjibu "SyntaxError: invalid syntax", na kimshale kikaonyesha mstari wa nane, ambao haukuwa na kosa lolote. Akaufuta. Kosa likahamia wa tisa. Akaurudisha, akabadilisha "bei" kuwa "price", akidhani labda mashine haipendi Kiswahili. Niliporudi nyumbani saa nne usiku alikuwa ameshafunga laptopu. "Kaka, mimi basi," akasema. "Hivi vitu vina watu wake."

Sentensi hiyo ndiyo inayonikera hadi leo. Mashine ilimdanganya kuhusu mahali pa kosa, naye akatoka pale akiamini kasoro iko kichwani mwake.

Wenzangu wa fani watasema ajifunze kusoma makosa, kama wao walivyojifunza. Sawa. Ila Python ilitolewa mwaka 1991, na ni toleo la 3.10, la Oktoba 2021, ndilo lililoanza kusema "'(' was never closed" na kuonyesha bano lenyewe lililoachwa wazi. Miaka 30! Hisabati yake haikuwa ngumu kiasi hicho. Evan Czaplicki, mtunzi wa lugha ya Elm, alikwishaonyesha mwaka 2015 kwamba ujumbe wa kosa unaweza kuzungumza kama mtu aliyekaa kando yako, na watunzi wa Rust wakaiga. Kilichokosekana kwa wengine ni nia.

Na hata nia ilipopatikana, haikufika kwetu. Laptopu ya nyumbani ni mtumba wenye Windows 7, na Python kwenye Windows 7 inaishia 3.8. Kwa hiyo lugha ya kiungwana ipo, lakini kwa mwenye mashine mpya, ambaye pengine pia ana mwalimu wa kumuuliza. Anayejifunza peke yake chini ya taa iliyozungukwa na wadudu wa ziwani ndiye anayepewa ujumbe wa zamani.

Usiniambie angetumia dibaga. Dibaga huingia kazini programu ikishaanza kukimbia, na ya kwake haikuwahi kuanza. Tena dibaga zenyewe! Chukua gdb, aliyoianza Richard Stallman mwaka 1986. Ukisahau kuweka "-g" wakati wa kukusanya programu yako ya C, ukiomba ikuonyeshe mistari inakujibu "No symbol table is loaded. Use the "file" command." Unaitii, unaandika "file", na hupati kitu, kwa sababu dawa ilikuwa kukusanya upya. Fundi baiskeli wa mtaani akikuelekeza vibaya namna hiyo mara mbili, unahama fundi.

Wapo wanaodhani tatizo ni Kiingereza, tutafsiri tu. Natamani iwe rahisi hivyo. Maneno tunaweza kuyapata. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ofisi nzima ya kompyuta kwa Kiswahili. Lakini "sintaksia batili, mstari wa nane" ungekuwa uongo uleule, umevaa kanga. Na "Segmentation fault" hata Mwingereza wa London haielewi mpaka afundishwe. Kwanza ujumbe useme kweli: kosa liko wapi, nini kilitarajiwa, nini kimekutwa. Kisha ndiyo tuubishanie lugha.

Faili lake bado lipo. Niliongeza lile bano, nikajaribu, ikafanya kazi, na mama mdogo huitumia kila jioni kuhesabu magunia. Mwenye kuiandika hajaifungua tena.