MIKONO YETU: Herufi za kupamba kitabu cha watoto



Mwezi huu hapa Kisangani nilipokea barua ya kijana mumoja anayechimba almasi upande wa Bafwasende. Nitawasomea kipande: «Papa, niko na wadogo watatu. Masomo iko mbali na hawaendake kila siku. Nilitunga hadithi juu wajifunze kusoma, jina lake Mama Samaki na Watoto Wake. Niliiandika mu kaye na biki. Lakini wakiiona wanafikiri ni leso, wanakimbia. Namna gani nitafanya herufi kubwa za kupendeza sawa zile za vitabu vya kununua? Tena wenzangu wananicheka. Wanasema feza ya fotokopi, afazali ninunue nayo betri za lampe ya kuchimbia.»

Kijana wetu, asante kwa barua. Swali la kwanza ni la mikono, la pili ni la roho. Nitajibu yote mawili, lakini kwanza uniruhusu nikuambie kosa langu mwenyewe.

Kosa langu

Zamani nilitengeneza kitabu cha kwanza kwa watoto wangu, hadithi ya nyani na kasuku. Nilikata herufi mu kauchu ya mapapa ya kuvaa nyumbani, nikazifanya kashe, nikapiga kichwa cha kitabu: NYANI NA KASUKU. Nakala kumi na mbili. Nilijisifu sana. Kisha nikaangalia vizuri: N zote tatu zilikuwa zimegeuka, na S vilevile. Nikasema, haizuru, watoto wataelewa tu.

Kisha wiki moja hivi, binti yangu akarudi toka masomo na kaye yenye alama nyekundu. Alikuwa ameandika kila N kinyume. Mwalimu alipomuuliza, akajibu: «Njo vile iko ku kitabu ya papa.»

Munaona? Mutoto hajui kama baba amekosea. Kitu ameona mu kitabu, kwake ni kweli. Tangu siku ile nafuata sheria moja: pambo lisiue herufi.

Ngoma ya Walokele inatufundisha

Mutu wa Kisangani anajua habari ya ngoma ya Walokele, ndugu zetu wa muto. John Carrington, aliyefanya kazi Yakusu na baadaye akafundisha ku université hapa Kisangani, aliandika juu ya ngoma hiyo mu kitabu chake cha mwaka wa 1949. Ngoma ile ya muti iko na sauti mbili tu, ya juu na ya chini. Haitoi herufi, inafuata sauti ya maneno. Sasa kuna shida: mu Kilokele neno songe (mwezi wa mbinguni) na neno koko (kuku) yako na sauti moja ku ngoma. Ukipiga tu neno lenyewe, musikilizaji wa mbali hawezi kujua kama unasema mwezi ao kuku.

Mupiga ngoma anafanya nini? Anaongeza maneno. Hasemi «mwezi» tu, anaongeza maneno mengine yanayoeleza mwezi, mpaka kila mutu ajue. Mugeni atafikiri maneno yale marefu ni mapambo. Ni mapambo kweli, lakini mapambo yenye kazi: yanasaidia neno litambulike.

Basi pambo la herufi liwe vilevile. Likimusaidia mutoto atambue S upesi, ni zuri. Likimufanya aulize «hii ni nini?», ulifute, hata kama ulilichora usiku muzima.

Kazi ya kwanza: mirabba

Usianze na mapambo. Chukua kaye yenye mirabba ya nusu sentimeta, kreyo na late. Kila herufi kubwa iwe mirabba 5 kwenda juu na 3 kwa upana, na unene wa mustari uwe murabba 1. M na W zinaomba mirabba 5 ya upana, K na N zinaomba 4, I inatosheka na 1. Kati ya herufi na herufi acha murabba 1.

Sasa hesabu mbele ya kuchora. Karatasi ya A4 ukiikunja katikati, ukurasa mumoja unakuwa na upana wa karibu sentimeta 15, ni kusema mirabba 30. MAMA itakula mirabba 19. SAMAKI itakula 24. Zote mbili ku mustari mumoja hazitaingia. Ziweke moja chini ya ingine: kwa SAMAKI utaacha mirabba 3 kila upande, kwa MAMA karibu 5 na nusu. NA WATOTO WAKE uiandike chini kwa herufi ndogo zaidi. Wengi wanaanza kuchora bila kuhesabu, na herufi za mwisho zinabanana pembeni kama watu mu lori.

Kazi ya pili: kashe

Hadithi yako iko na herufi 22 ku kichwa, lakini usiogope. Hesabu aina zake: M, A, S, K, I, N, W, T, O, E. Ni kashe 10 tu. A peke yake utaipiga mara 7. Njo vile Kiswahili kiko, A inafanya kazi kupita zote, kwa hiyo kata kashe mbili za A, moja ikichoka ingine inaendelea.

Mapapa yaliyokatika usiyatupe, kauchu yake inakatika vizuri na wembe. Mutu mukubwa njo akate, mutoto asishike wembe. Bandika kila herufi ku kipande cha muti ili vidole vipate fasi ya kushika.

Sasa fasi nilianguka mimi. Kashe inageuza kila kitu, ya kuume inakuwa ya kushoto. Lakini herufi zote hazina shida sawa:

A, H, I, M, O, T, U, V, W, Y: ukizigeuza ni zilezile. Kata bila wasiwasi.

B, C, D, E, K: kata vilevile, lakini wakati wa kupiga, geuza kashe kichwa chini. Herufi itatoka sawa.

F, G, J, L, N, P, R, S, Z: hizi zinadanganya. Lazima uzikate kinyume.

Ku kichwa chako ni N na S tu zitakusumbua, zilezile zilizonisumbua mimi. Dawa yake ni nyepesi. Chora herufi ku karatasi na kreyo laini, ukaze mukono. Lalisha karatasi juu ya kauchu, upande wenye herufi uangalie chini. Sugua mugongo wa karatasi na kijiko. Ukiondoa, herufi itabaki ku kauchu, tayari imegeuka yenyewe. Kata ile unaona, usiisahihishe! Kisha piga kwanza ku karatasi ya kutupa, umuite mutoto aisome. Akisoma bila kusita, endelea.

Kama hauna wino wa kashe, kwangua masizi ya chini ya sufuria. Pika kijiko kimoja cha unga wa muhogo na maji mingi mpaka iwe laini kama uji mwepesi, changanya na masizi. Loanisha nayo kipande cha eponji mu kifuniko cha kopo. Uji uleule, ukiwa muzito kidogo na bila masizi, ni kole ya kubandika.

Kuko pia njia ya kartoni: unakata herufi iwe tundu, unapitisha rangi, sawa wanavyoandika ku magunia na masanduku. Lakini jihazari na A, O, B, D, P na R. Kipande cha katikati kinaanguka, na O inakuwa shimo tu. Acha daraja mbili ndogo zishikilie kipande hicho.

Kazi ya tatu: pambo

Pamba herufi ya kwanza ya kila ukurasa tu, ingine yote iwe wazi. Hii si uvivu. Mu miaka ya 1450, wakati Gutenberg alichapa Biblia ku Mainz, Ujeremani, mashini ilipiga maneno, na fasi ya herufi kubwa za mwanzo iliachwa wazi ili zichorwe kwa mukono. Kitabu kilekile cha mashini kilingoja mukono wa mutu. Wewe nawe unaweza kuacha fasi, kisha kila mudogo wako achore herufi moja ndani ya nakala yake. Kitabu alichochora mwenyewe hatakikimbia.

Wapi utatoa mapambo? Usiende mbali. Wamama Wambuti wa pori la Ituri wanachora ku nguo ya maganda ya miti mistari, vitone na miraba, na rangi nyeusi ya matunda na makala. Angalia mitego ya Wagenia hapa ku maporomoko, ile mikubwa ya fito: ni kama koni iliyosukwa. Angalia kikapo cha mama, angalia kikwembe. Jaza ndani ya herufi mistari ya namna hiyo, lakini ukingo wa inje ubaki munene na mweusi. S unaweza kuitia magamba ya samaki na jicho, mradi ibaki S. Usimulazimishe samaki akunjike mpaka herufi ipotee.

Kumbuka fotokopi. Rangi ya kijivu inapotea, kreyo inapotea. Pitisha kila mustari na biki nyeusi ao wino, na mistari isikaribiane sana, sivyo itakuwa doa moja jeusi.

Kazi ya ine: kukunja na kushona

Karatasi moja ya A4 ikikunjwa inatoa kurasa 4, kwa hiyo karatasi 4 zinatoa kurasa 16. Kurasa mbili zinazolala upande mumoja wa karatasi, ukizijumlisha, lazima zipate 17: ukurasa 16 na 1, ukurasa 2 na 15, ukurasa 14 na 3, vile vile mpaka mwisho. Ukipata hesabu ingine, simama mbele ya kulipa fotokopi! Acha sentimeta 2 bila maandiko upande wa mukunjo. Toboa matundu 3 na sindano, shona na uzi wenye nguvu, funga fundo katikati. Uzi haupate kutu kama agrafe.

Sasa swali la roho

Wenzako wanakucheka. Wengine watakuambia simu na ordinateri ziko na herufi nzuri kupita zako. Ni kweli, na kama uko nazo, utumie. Lakini mashini haijui kama mudogo wako anachanganya N na Z. Wewe unajua.

Tena usizarau kitabu kidogo cha kujitolea mwenyewe. Mwaka wa 1965, ku Elisabethville, muji tunaoita leo Lubumbashi, André Yav alikusanya habari za muji ule kwa Kiswahili cha watu waliofanya kazi mu nyumba za Wazungu. Hakikuwa kitabu cha duka. Kilipigwa na mashini ya kuandika na kutolewa nakala. Mwaka wa 1990 watu wenye elimu kubwa, Johannes Fabian pamoja na wenzake, walikichapa tena na kukieleza, kwa sababu ndani yake mulikuwa habari ambazo wakubwa wa wakati ule hawakuziandika. Sisemi kama hadithi ya Mama Samaki itafika Ulaya. Nasema kama mutu anayengoja tajiri amuchapie kitabu, mara mingi anazeeka akingoja.

Juu ya betri, sitakuambia uchimbe mu giza. Lampe ni uhai wako. Lakini haulazimishwe kuchagua. Anza na nakala moja tu, ya kaye, kwa kashe za mapapa na masizi ya sufuria. Hiyo haiombi hata franka. Wadogo wako ni watatu, wakae magoti kwa magoti na wasome kitabu kimoja. Fotokopi itakuja siku almasi itaonekana.

Na mimi nilifanya nini na zile nakala kumi na mbili? Nilikata N na S upya, nikazipiga ku vipande vya karatasi, tukabandika pamoja na binti yangu juu ya makosa, moja kwa moja. Yeye njo alikuwa anapima: «Hii sawa, papa. Hii hapana.» Alizikataa mbili, nikazitupa. Leo yeye ni mama, na nakala moja iko kwake. Ukipitisha kidole juu ya kichwa chake, unasikia bado fasi tulibandika.

Basi, Siku ya Mungu inayokuja, kisha chakula, chukueni mapapa yaliyokatika, muanze na A. Tutaonana mwezi ujao.