Baada ya operesheni ya nyonga, mwacheni mama atembee

Leo nataka tuzungumze jambo ninaloliona katika nyumba nyingi za Waswahili hapa Uingereza, na ambalo kwa aibu nimelifanya hata mimi, nesi wa miaka mingi.

Shangazi yangu alibadilishiwa nyonga iliyokuwa imesagika. Hospitali walimsimamisha siku ile ile ya operesheni, na siku ya tatu akarudi nyumbani na magongo yake mawili. Basi tukampokea kwa mapenzi yetu. Tukamteremshia kitanda sebuleni, supu ikaletwa, chai ikaletwa, na kila akitaka kuinuka watu watatu wanamrukia: "Shangazi tulia, wewe mgonjwa!" Nilipokuwa nasomea uuguzi nyumbani, wagonjwa wa mfupa wa paja walilala wodini wiki nyingi mguu ukivutwa kwa uzito. Nafikiri picha hiyo bado imo vichwani mwetu.

Wiki ya tatu akaja mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Paja la shangazi lilikuwa limesinyaa, hawezi kuinuka kitini peke yake. Akauliza kwa siku anatembea mara ngapi. Sote kimya. Shangazi akajibu mwenyewe: "Hawa hawaniachi. Sijui mimi mgonjwa au mfungwa."

Maoni yangu ni haya: mgonjwa wa nyonga akilazwa sana anaumizwa, hata kama anayemlaza anampenda. Nyonga ya bandia, aliyoifanyia kazi kubwa daktari John Charnley wa Uingereza miaka ya 1960, inashikiliwa na misuli, na misuli isiyofanya kazi hulegea. Tena kulala kunaleta damu kuganda miguuni, kifua, vidonda vya mgongo na choo kigumu.

Kwa hiyo anywe dawa ya maumivu kwa wakati, kisha afanye mazoezi aliyopewa: kuchezesha vifundo vya miguu, kukaza paja na makalio, kusimama akishika meza na kupeleka mguu pembeni. Atembee kidogo kidogo mara nyingi kwa siku. Kwenye ngazi, akipanda atangulize mguu mzima, akishuka atangulize magongo na mguu wa operesheni. Akibaki na fimbo moja, aishike mkono wa upande wa mguu mzima.

Lakini yapo ya kujihadhari. Wengi huambiwa kwa wiki 6 hadi 12 wasikae kwenye sofa la chini wala mkekani, wasikunje nne, wasiiname kuokota kitu. Madaktari hawatoi masharti sawa, basi uliza ya kwako. Anayeswali aswali kwenye kiti mpaka aruhusiwe kusujudu, na dini imempa nafasi hiyo. Choo kiinuliwe kwa kiti maalumu, na mazulia madogo yanayoteleza yaondolewe. Kuendesha gari mara nyingi ni baada ya wiki 6 hivi. Safari ndefu ya ndege kwenda nyumbani, muulize daktari KABLA ya kukata tiketi, maana wengi huambiwa wangoje hata miezi 3.

Na jamani, mguu ukivimba au ndama ikiuma, MSIUCHUE kwa mafuta wala kuukanda kwa maji ya moto! Huenda damu imeganda. Pigeni simu hospitali siku hiyo hiyo. Kifua kikibana au pumzi ikikatika ghafla, au nyonga ikichomoka akashindwa kusimama, pigeni 999. Kidonda kikitoa usaha, msingoje. Sindano au vidonge vya kuzuia damu kuganda amalize vyote, hata akijiona mzima.

Wageni nao wasije kumkalisha mgonjwa saa tatu kwa mazungumzo. Mkija kumwona, mshikeni mkono mtembee naye mpaka mlangoni na kurudi. Mwacheni ajipikie chai yake, asimame jikoni akichambua mchele kwenye meza.

Shangazi tulimwacha, tukawa tunatembea pembeni yake tu. Sasa anakwenda dukani na fimbo moja, na anayechoka njiani ni mimi.