Kuunga Magari Mawili si Aibu

Wako watu, aghalabu wale waliojaliwa kubadili gari kila baada ya miaka michache, wanaoona kuwa gari lililopachikwa injini ya mwenziwe na mlango wa gari la tatu ni kioja cha barabarani na ushahidi wa ufukara wa mwenyewe. Mimi sioni hivyo. Katika kata ya Mzenga, wilayani Kisarawe, ambako reli ya TAZARA hupita kuelekea Kapiri Mposhi ilhali spea ya gari sharti ifuatwe Mlandizi ama Kariakoo, fundi awezaye kuchukua magari mawili madogo yaliyochoka akatoa moja zima, lenye kupeleka mgonjwa hospitali na gunia la korosho sokoni, anafanya kazi ya hekima. Na kwa kuwa naiheshimu kazi hiyo, nataka ifanywe kwa maarifa na kwa maandishi, isiachiwe kubahatisha.

Kazi yenyewe si ngeni kwetu. Wazee wanaokumbuka miaka iliyofuata vita vya Kagera vya 1978 na 1979, fedha za kigeni zilipoadimika na spea ikawa kitu cha kuandikiwa barua na kungojewa, wanajua kuwa Peugeot na Datsun za siku zile ziliishi kwa kunyofoana viungo, mpaka bajeti ya 1984 iliporuhusu mwenye fedha zake za nje aagize bidhaa mwenyewe. Cuba nako magari ya Marekani yaliyoingia kabla ya vikwazo vya 1962 yangali yakitembea hata leo, mengine kwa injini za Kirusi, na dunia huyasifu. Sijui kwa nini sifa hiyo tumnyime fundi wetu.

Neno la gereji kuhusu spea ni moja: zinaingiliana. Hapo ndipo ilipo neema, na hapo ndipo ilipo hatari. Toyota Starlet ya EP82, iliyoanza kuundwa mwishoni mwa 1989, nyingi zina injini ya 4E-FE yenye sentimita 1,331 za ujazo. Na Toyota Corolla ya EE101, pamoja na EE111 iliyoifuata, zina injini ya jina hilohilo. Basi Corolla ya aina hiyo iliyopinduka ikapondeka bodi, injini yake ikasalimika, yaweza kuifufua Starlet iliyokaa juu ya mawe tangu masika. Lakini Corolla ya AE100, ambayo mpita njia hawezi kuitofautisha na EE101 kwa sura, hutoka na injini ya 5A-FE yenye sentimita 1,498, ya ukoo mwingine kabisa, yenye vishikizo vingine na gia boksi nyingine. Tofauti hiyo imeandikwa katika kibati kilichofungwa ndani ya boneti, nacho husomeka kwa kufutwa vumbi tu. Na hata hivyo watu huuza mbuzi wakanunua gari la kunyofoa spea kwa kuangalia taa zake. Hata penye injini ya jina moja, miaka ikiachana, vifaa vidogo vilivyoizunguka hubadilika, na kwa hiyo kontrol boksi na nyaya zake ni heri zihame pamoja na injini yao kuliko kukatwa na kuungwaungwa kwa selotepu.

Nilimtazama fundi mmoja wa Mzenga akilaza draivu shafti mbili juu ya gunia, moja ya kila gari, akazipangusa grisi kwa tambara, akaitia alama ya chaki jino la kwanza la kila moja, kisha akahesabu meno kwa kidole, akarudia. Hayakulingana. Alizitenga pasipo manung'uniko, akamwambia mwenye gari, "Mzee, hii hapana, tutafute nyingine." Kitendo kile cha dakika chache kilikuwa na thamani kuliko nguvu zote za nyundo, maana kifaa kukubali kuingia si dalili ya kufaa. Magurudumu ya Starlet na ya Corolla hizo, hata ya Vitz na IST za toleo la kwanza zilizokuja baadaye, hufungwa kwa nati 4 katika duara la milimita 100, na rimu huingia bila ubishi. Lakini diski na kalipa zilizo nyuma ya rimu hiyo huenda zisiafikiane kabisa, na jambo hilo mwenye gari hulijua kwenye mteremko, amebeba watoto.

Kwa hiyo viko vitu ambavyo haifai kuvirithi. Padi na mipira ya breki, bolijointi, tairodi endi, na mkanda wa taimingi, ambao desturi ni kuubadili kila kilomita 100,000, na vinunuliwe vipya hata kama nauli ya Kariakoo ni chungu. Mlango, kioo, radieta, alternata na stata hizo zihame kwa amani.

Liko pia suala la uhalali. Kadi ya usajili hutaja namba ya chasisi na namba ya injini, na injini ikibadilishwa hapana budi TRA ipewe habari, la sivyo mnunuzi wa kesho atarithi mashaka yasiyo yake. Fauka ya hayo, wezi wanaonyofoa taa na vioo vya magari ya watu usiku wametia doa biashara ya waadilifu, wala fundi mwema hana namna ya kujitenga nao ila kwa karatasi: kifaa kimetoka gari gani, chasisi namba ngapi, kimeuzwa na nani, kimefungwa lini.

VETA, ambayo huwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia kazini, ingefanya wema mkubwa kuwafuata mafundi wa barabara ya Mlandizi hadi Maneromango kwenye miembe wanakofanyia kazi, iwapime katika jambo hili hasa la kulinganisha vifaa, na iwazoeze kuandika karatasi hiyo katika nakala mbili, moja ibaki gereji, moja ikae garini pamoja na kadi.