Maji ya Tembo Yako Mchangani

Ukitoka Kabati kwa barabara ya Kibwezi, mvua hupungua kadiri unavyoshuka. Milima ya Kitui hupata hadi milimita 1,000 kwa mwaka. Ukishapita Mutomo na kukaribia Ikutha, kiasi hicho kimeanguka karibu nusu, mahindi yameiachia nafasi mibuyu na migunga, na upande wa mashariki imetanda Hifadhi ya Kitui Kusini, kilomita za mraba 1,133 zilizopakana na Tsavo Mashariki. Wengi huiita jangwa. Toleo hili linapinga jina hilo, kwa sababu nchi ikishaitwa jangwa hakuna anayeuliza maji yake yalikwenda wapi.

Mvua ipo, ila haina adabu. Mkulima yeyote wa Ukambani atakwambia tegemeo lake ni vuli, Oktoba hadi Desemba, na kwamba masika ni bahati. Vuli nayo hutawaliwa na Bahari ya Hindi: maji ya upande wetu yakipata joto kuliko ya upande wa Indonesia, mito hufurika, kama mwaka 1997 na tena 2023. Mambo yakigeuka, mawingu hayaji. Kuanzia vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022, misimu mitano mfululizo ilishindwa. Novemba 2022 Waziri wa Utalii, Peninah Malonza, aliyewahi kuwa naibu gavana wa Kitui, alitangaza kwamba tembo 205 walikuwa wamekufa nchini kati ya Februari na Oktoba. Tsavo ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi.

Ndiyo maana wastani wa mvua, unaopendwa sana na wapangaji wa mipango, hautusaidii. Hakuna tembo anayekunywa wastani. Anakunywa kilichobaki, na jua la huku lina uwezo wa kukausha karibu milimita 2,000 za maji kwa mwaka, mara kadhaa ya mvua inayonyesha. Bwawa la wazi halimalizi kiangazi.

Kinachobaki kiko mchangani. Mto Tiva huteremka kutoka Kitui hadi ndani ya Tsavo, na sehemu kubwa ya mwaka ni njia nyeupe ya mchanga mtupu. Tembo hufika, hunusa, huchimba kwa mguu wa mbele, kisha huingiza mkonga na kungoja shimo lijae taratibu. Akiondoka, wanyama wadogo hunywa pale pale. Akina mama wa Kitui huchimba vivyo hivyo, kwa kata na ndoo. Maji yaliyozama zaidi ya nusu mita hivi, jua haliyapati tena kwa urahisi. Mabwawa ya mchanga yaliyojengwa kwa mamia katika kaunti hii yanafuata kanuni hiyo hiyo.

Basi hoja yetu ni hii: hali ya hewa ya hifadhi haiwezi kulindwa kwa kulinda mpaka wa hifadhi. Lori linalozoa mchanga mtoni huku juu linaondoa ghala la maji la huko chini. Tanuri la makaa linaloacha mteremko uchi linafanya mvua ya saa moja ipite kwa kishindo badala ya kuzama. Joto la dunia hatuwezi kulizuia tukiwa Kabati. Lori tunaweza.

Makueni ilitunga sheria ya mchanga mwaka 2015 na kuunda mamlaka ya kuisimamia. Kitui, Januari 2018, Gavana Charity Ngilu alipiga marufuku kusafirisha makaa na mchanga nje ya kaunti. Tuliiunga mkono nia hiyo, lakini amri hutegemea aliyeitoa. Tunataka mto Tiva uwe na mpango mmoja, kutoka vyanzo vyake hadi Tsavo, na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori liketi meza moja na wazoaji mchanga, wachoma makaa na kamati za maji za vijiji. Wazoaji hao wana watoto wa kulisha. Mpango usiowapa kazi nyingine hautafika vuli ya pili.