Programu ni ya bure, hesabu yetu bado imefungwa

Gunia la kasiteriti linalotoka kwa njia halali linavaa etiketi mara mbili: ya kwanza kwenye mgodi, ya pili kwa depo ya negosian. Kila mara kilo zinaandikwa ku karne. Kule Kalimbi, Nyabibwe, kazi hii ilianza 2012. Namba hizo zinapanda mpaka Ulaya, kwetu hazirudi. Gunia likitoka na kilo 50 na kufika depo na 47, mchimbaji anaambiwa: "Ni maji ilikauka." Pengine ni kweli. Lakini ku mwezi muzima, magunia mia, nani atatuonyesha?

Sisi tunasema dawa iko karibu. Fomu za simu ambazo maenketa wanajaza huku kwetu mara nyingi zinatumia ODK, iliyoanza 2008 Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, ao KoboToolbox. Ndani yake kuna maktaba ya programu inaitwa pyxform. Iko wazi: kila mtu anaweza kuisoma na kuiongezea, bila kulipa. Inakuja na kifaa kidogo, xls2xform: unaandika amri moja tu kwa kibodi, jedwali la Excel linageuka fomu ya simu.

Koperative zijaze fomu yao wenyewe, mgodini na depo. Na vijana wa infomatiki wa Bukavu watengenezee kifaa hicho ndugu wawili. Mmoja alinganishe kilo za mgodi na za depo, etiketi kwa etiketi. Mwingine atoe karatasi ya Kiswahili, ya kubandika ku mlango kila siku ya posho.

Watu watauliza: mbona si programu ya kubonyeza, yenye picha? Kwa sababu vifaa vya amri ni vyepesi: vinakubali kompyuta ya zamani, bila intaneti, kwa umeme wa sola. Mtoto mmoja wa mchimbaji aliyemaliza sekondari anatosha. Amri ni ile ile kila juma.

Tusidanganyane: mizani ikiwa ya uongo, kompyuta nayo itahesabu uongo. Kwa hiyo kilo zipimwe mbele ya wachimbaji. Majina ya watu yasitoke ku karatasi. Namba ya etiketi inatosha.

Gunia tunalibeba sisi mgongoni. Hesabu yake nayo tuishike.