Pumzi Kwanza: Majibu kwa Wanaobeza Mafunzo ya Kuokoa Watoto

Kila linapozuka suala la kuwafundisha wahudumu wa ambulensi, askari wa zimamoto na waokoaji wa ufukweni namna ya kumhudumia mtoto ambaye moyo wake umesimama, husikika hoja zilezile. Nazijibu hapa, maana zinagharimu roho za watoto.

“Ajuaye kumwokoa mtu mzima anajua kumwokoa mtoto.” Dai hili ndilo lenye madhara makubwa kuliko yote. Moyo wa mtu mzima mara nyingi husimama ghafla kwa hitilafu ya moyo wenyewe, damu ikiwa bado na oksijeni ya dakika chache. Moyo wa mtoto kwa kawaida husimama baada ya pumzi kushindwa. Ametumbukia kwenye pipa la maji, amepaliwa na mbegu ya ubuyu, au nimonia imemzidi. Mapigo yakapungua, kisha yakanyamaza. Kufikia hapo oksijeni imekwisha. Ukikandamiza kifua bila kumpa hewa, unazungusha damu tupu. Ndiyo maana mwongozo wa Ulaya huanza na pumzi 5 kabla ya kifua kukandamizwa, na waokoaji wawili waliofunzwa hukandamiza mara 15 kwa pumzi 2, wakati kwa mtu mzima ni 30 kwa 2.

Mikono nayo hubadilika. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja huzungushiwa viganja kifuani, vidole gumba viwili vikikandamiza katikati. Mapigo yake hutafutwa upande wa ndani wa mkono, juu ya kiwiko, kwa kuwa shingo ni fupi na nono. Kichwa hakirudishwi nyuma sana kama cha mtu mzima. Huwekwa sawa, uso ukitazama juu.

Halafu kuna dawa. Mtu mzima hupewa miligramu 1 ya adrenalini. Mtoto hupewa miligramu 0.01 kwa kila kilo, kwa hiyo wa kilo 10 anastahili sehemu moja tu ya kumi ya kipimo hicho. Anayepiga hesabu hiyo kwa mara ya kwanza huku mama analia pembeni, ni rahisi sana akosee nukta.

“Matukio yenyewe ni machache.” Kwa mhudumu mmoja, ndiyo, mwaka waweza kupita asikutane nalo. Basi mikono yake itajifunzia wapi, kama si kwenye sanamu la mazoezi? Na uchache huo ni wa kituo kimoja tu: Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji, karibu robo yao wakiwa watoto wa chini ya miaka mitano.

“Wana vyeti tayari.” Vyeti vingi hudumu miaka miwili, ilhali ustadi wa mikono huanza kufifia ndani ya miezi michache. Afadhali zoezi fupi kituoni kila mwezi kuliko semina ndefu ya hotelini.

“Watamvunja mbavu.” Mbavu za mtoto bado ni laini, hupinda, kuvunjika ni nadra. Kosa linaloonekana zaidi ni kukandamiza juujuu kwa woga. Kifua kishuke theluthi moja ya kina chake, takribani sentimita 4 kwa wa chini ya mwaka na 5 kwa mkubwa wake, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kiachwe kiinuke kila mara.

“Aliyezama aning’inizwe kichwa chini maji yatoke.” Hapana. Kinachotoka zaidi ni maji ya tumboni, na sekunde zinapotea. Apewe pumzi.

“Bila mashine ya kushtua moyo hakuna la kufanya.” Ikiwepo, itumike, hata kwa pedi za watu wazima kama za watoto hazipo: moja kifuani, moja mgongoni. Lakini kwa watoto wengi mapigo yaliyopo si ya kushtuliwa. Wanachohitaji mwanzoni ni hewa.

Mkuu wa kituo unayesoma haya, fungua ambulensi yako leo. Tazama kama imo barakoa ya kupumulia inayoenea uso wa mtoto wa miezi sita, na umuulize mhudumu wa zamu mara ya mwisho aliishika lini.